Njia Aliyoijua Doupi

Yustina Ntandu ni mwanamke wa maswali. Kwao Ilongero, nje kidogo ya mji wa Singida, baba yake alikuwa fundi wa visima, na yeye ndiye mtoto aliyekuwa akilala kifudifudi ukingoni mwa shimo na kuita: "Baba, umefika wapi? Udongo sasa una rangi gani? Maji yanatokea upande gani?" Baba alijibu kutoka chini hadi akachoka. "Yustina, maji yakitoka nitakuita. Sasa niache nichimbe."

Maswali hayohayo ndiyo yaliyomfikisha China. Alikuwa na duka dogo la mikoba mjini Singida, na mzigo akiuchukua Kariakoo kama wenzake. Siku moja akamuuliza muuza jumla mikoba hii inatoka wapi. Akaambiwa Guangzhou. Guangzhou sehemu gani? Yule bwana akacheka, akasema Guangzhou ni Guangzhou, mama, chukua mzigo twende. Jibu hilo halikumtosha. Mwaka uliofuata alipanda ndege, na alipofika kwenye masoko makubwa ya jumla mjini, ambako wafanyabiashara wengi huishia, akaendelea kuuliza inashonwa wapi, inashonwa wapi, mpaka mtu akamwonyesha basi la kwenda Huadu. Akashuka Shiling, mji ambao ukifungua tu mlango wa basi unapokelewa na harufu ya ngozi na gundi. Huu ni mwaka wa tisa anakwenda na kurudi, ukiondoa ile miaka mipaka ilipofungwa.

Hakupenda hoteli. Alipanga chumba cha ghorofani kwa bibi mmoja wa umri wa miaka sabini, Liang. Yustina alimwita Ayi, yaani shangazi, kama wanavyoitwa huko wanawake watu wazima. Ayi naye alishindwa kulitamka jina la Yustina lote, akachukua kipande cha mwisho, akawa anamwita A-Na. Walizungumza Kichina cha sokoni alichojifunza Yustina viwandani, wakakisaidia kwa mikono, na palipowashinda wakatoa simu iwatafsirie.

Mume wa Ayi aliitwa Mzee Tan. Alikuwa mkata ngozi kwa miaka thelathini, na vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimepinda kwa kushika kisu. Maneno yake yalikuwa machache. Akikutana na Yustina kwenye ngazi alisema, "Umekula?" na kabla hajajibiwa keshapita. Nyuma yake alikuwepo mbwa, mbwa wa kienyeji mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni, rangi yake kama ule utando wa manjano unaoganda juu ya maziwa ya soya yakichemka. Utando huo watu wa huko huukausha na kuupika, wanauita doupi. Ndilo jina alilopewa mbwa.

Oktoba iliyopita Mzee Tan alifariki. Alikula chakula cha mchana siku ya Jumapili, akajilaza kwenye mkeka wa mianzi, hakuamka. Yustina alikuwepo. Aliwasaidia kuosha vyombo vya waombolezaji kwa siku tatu, kisha mzigo wake ukawa tayari na akarudi nyumbani kwa mumewe Samwel na binti yao Anita.

Aliporudi Shiling ilikuwa Januari. Mikoba yake mia nne ilikuwa imeshonwa yote, imebaki zipu tu. Bosi wa kiwanda, ambaye kama mabosi wote wa huko anaitwa laoban, alifungua mikono yake mitupu na kusema lile neno ambalo kila mfanyabiashara wa Kiafrika hulijua kabla ya kujua kusalimia: "Meiyou." Hakuna. Hamna. Haipo. Zipu za rangi ya shaba zingekuja kesho, au kesho kutwa. Basi Yustina akajikuta ana siku nzima mkononi na hana la kufanya.

Asubuhi hiyo alikunywa chai barazani na Ayi. Upepo wa kaskazini ulikuwa mkavu, baridi ya nyuzi saba, jua kali lisilo na joto. Doupi alikuwa amesimama kwenye geti, amefungwa kamba, pua imeelekezwa vilimani. Hakubweka. Alisimama tu, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

"Ayi, anaangalia nini?"

"Sijui. Kila siku akishakula anasimama hapo. Zamani Tan alikuwa akitoka naye saa hizi, wakirudi mchana."

"Walikuwa wakienda wapi?"

"Kutembea."

"Kutembea wapi?"

Ayi akaweka kikombe chini. "Mbona unauliza kama polisi?" Akamtazama mbwa mgongoni. "Miaka kumi na moja, A-Na. Kila siku nilikuwa namuuliza umekwenda wapi, ananijibu, nimetembea. Nikaacha kuuliza. Sasa nataka kuuliza, hayupo wa kujibu."

Yustina akamtazama Doupi. Doupi naye akageuka akamtazama yeye.

"Huyu si anajua?" Yustina akasema.

Ayi alicheka kidogo kwa puani. Magoti yake yalikuwa mabovu, hata sokoni alikwenda kwa kujikongoja. Lakini aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na mayai mawili ya kuchemsha na chupa ya chai ya tangawizi. Kamba ya mbwa akaifungua mwenyewe kutoka getini, akaitia mkononi mwa Yustina.

"Mahali pabaya, urudi," alisema. "Mahali pazuri, uniambie."

Chumba cha chini alikuwa amepanga Gaudence, kijana wa Kahama aliyekuja kununua mikanda. Yustina akamgongea dirishani.

"Gaudence, toka twende. Nampeleka mbwa."

"Unampeleka wapi, Mama Anita?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

Gaudence alitoa kichwa, amejifunga blanketi mpaka masikioni. "Baridi yote hii? Mimi nimekuja kununua mikanda, sikuja kufuata mbwa. Ukipotea nitumie ramani." Akafunga dirisha.

Basi wakaondoka wawili.

Yustina alikuwa amedhani yeye ndiye atakayeshika kamba, lakini kabla hawajamaliza mtaa alijua nani anampeleka nani. Doupi hakunusanusa wala hakuzunguka kama mbwa wanaotembezwa. Alikwenda moja kwa moja, kwa mwendo wa mtu anayewahi kazini. Walipita mtaa wa wauza ngozi, marobota yamerundikwa hadi barabarani, wakavuka daraja dogo. Hapo palikuwa na kibanda cha mama mmoja anayepika mikate laini ya unga wa mchele, anaikunja kwa mvuke na kuikata kwa mkasi. Doupi akakaa mbele ya kibanda.

Yule mama alipomwona alishika kifua. Alikata kipande cha mkate bila kuulizwa, akamtupia, kisha akainua macho kumtafuta mtu nyuma yake. Akamwona Yustina. Akatazama tena nyuma ya Yustina.

"Yule mzee?" aliuliza.

Yustina alitaka kujibu, lakini wateja watatu walikuwa wamejipanga na mvuke unafoka, na Doupi alishameza akaanza kuvuta kamba. Alipunga tu mkono. Njiani alijilaumu. Kumbe hata huku hawajui, alijiambia. Sasa ni wangapi hawajui?

Nyumba ziliisha. Yakaja mashamba ya migomba na mabwawa ya samaki, kisha barabara ya zege iliyopasukapasuka, pana, ya malori makubwa ambayo hayapiti tena. Barabara ilipanda kidogo, ikapinda, na Yustina akasimama.

Kilima kilikuwa kimepasuliwa. Mbele yake lilifunguka korongo ambalo halikuchimbwa na mto. Kuta zake za mawe ya kijivu zilisimama wima, zimenyooka kama ukuta wa kanisa, na kutoka juu mpaka chini zilikuwa na mistari myembamba, alama za vyuma vilivyotoboa jiwe kabla halijapasuliwa. Ni machimbo ya zamani, yaliyoachwa miaka mingi. Guangzhou ni nchi ya majani. Hata Januari miti ina kijani na bustani zina maua. Lakini humo ndani hapakuwa na jani. Kulikuwa na vumbi jeupe, kokoto, udongo mwekundu uliopasuka, na ukimya uliofanya asikie kucha za mbwa kwenye mwamba. Yustina alihisi kama amevuka bahari yote ile kisha akatokea Singida kwa mlango wa nyuma. Kwao nako ni majabali tu na ukame, na katikati ya ukame huo, maziwa ambayo mgeni hayategemei.

Na humu yalikuwepo. La kwanza lilikuwa upande wa kushoto, dogo, kijani kibichi kama chupa ya soda. Mashimo ya mawe yalijaa mvua na chemchemi, hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Yustina alitaka kusogea achungulie ukingo wake, aone kina. Doupi hakukubali. Alivuta.

Ziwa la pili lilikuwa na rangi ya buluu iliyochanganyika na maziwa. Hapo Doupi alisimama mwenyewe, akakaa kitako ukingoni, akamtazama Yustina.

"Nini?" Yustina akamwuliza kwa Kiswahili. "Umechoka?"

Doupi akatazama maji. Akamtazama Yustina.

Akampa kipande cha yai. Doupi akakila, akabaki amekaa. Alipovutwa kamba, hakwenda. Yustina naye akakaa chini, labda mzee alikuwa akipumzika hapa. Haikuwa hivyo. Akasimama, akasema "Twende" kwa Kichina, akasema "Umekula?" kwa sauti nzito ya kumwigiza Mzee Tan. Mbwa alipandisha sikio moja tu. Yustina akaanza kucheka peke yake katikati ya yale mawe. Ulikuwa mtihani, na msimamizi amekaa mbele yake anasubiri jibu.

Kisha akaona pale miguuni kuna kirundo kidogo cha vipande vya mawe bapa, vyembamba kama vigae, vimepangwa vizuri juu ya mwamba. Mtu alivikusanya. Yustina akachukua kimoja, akakirusha. Kiliingia majini mara moja, chubwi, kikazama. Doupi hakutikisika. Akachukua cha pili, akainama, akakirusha kwa ubapa kama walivyokuwa wakifanya watoto kwenye Ziwa Singidani. Kikaruka mara tatu juu ya maji, kikaacha maduara matatu.

Doupi akasimama, akajikung'uta, akaanza safari.

"Kumbe!" Yustina alisema kwa sauti, na kuta zikamrudishia.

Mbele korongo lilibana. Palibaki upenyo wa mtu mmoja, na chini yake ziwa la tatu, jembamba na jeusi, lisiloguswa na jua. Pembeni palichongwa vidaraja vya kukanyagia kwenye mwamba, na mtu alikuwa amefunga kamba nene ya buluu kwenye vyuma ili watu wajishike. Yustina hajui kuogelea. Maziwa ya Singida ni ya chumvi, na mama yake alimlea kwa kumwambia maji yasiyonyweka usiyaingie. Alitazama yale maji meusi, akatazama nyuma, barabara ya kurudi ilikuwa wazi. Hakuna ambaye angemcheka. Lakini hivi vidaraja vilikwenda mahali, na asingelala bila kujua ni wapi. Akaifungua kamba ya shingoni mwa Doupi asije akamvuta, akajishika kwa mikono miwili, akaenda kama kaa, tumbo likikwaruza mwamba. Doupi alitangulia, akarudi kumwangalia, akatangulia tena. Mara ya tatu hakurudi. Badala yake Yustina alisikia sauti za watu, na mmoja akipiga kelele:

"Doupi! Doupi amekuja!"

Ziwa la nne lilikuwa kubwa kuliko yote, limezungukwa na kuta pande zote, upepo haufiki, jua limelala juu yake lote. Kwenye mwamba palikuwa na wazee watano, wanawake wawili na wanaume watatu, wamevaa nguo za kuogelea, na mabega yao yakitoa mvuke kama mihogo iliyopakuliwa sasa hivi. Nguo zao nzito zilitundikwa kwenye vyuma vilivyochomekwa ukutani. Wote walikuwa wamemzunguka mbwa, wanamkuna, wanamvuta masikio, na Doupi analia kwa furaha kama mtoto.

Kisha wakamwona Yustina akitokea kwenye mwamba, mwanamke Mwafrika mwenye koti la manyoya na kilemba cha kitenge. Wakaacha kumkuna mbwa.

Mwanamke mmoja mrefu mwenye kofia nyekundu ya kuogelea akamsogelea. Baadaye Yustina alimjua kuwa ni Mwalimu Ou, aliyefundisha hesabu shule ya msingi mpaka akastaafu. "Lao Tan yuko wapi?" aliuliza, akimaanisha Mzee Tan. "Yuko nyuma?"

Wenzake wote walikuwa wanatazama ule upenyo.

Yustina akatoa simu, mtandao haukuwepo. Akatafuta maneno kichwani. Alikuwa nayo ya kutosha kuhusu ngozi, zipu, rangi, katoni, siku ya kupakia. Miaka tisa hakuna aliyemfundisha neno la msiba. Siku zile za Oktoba alikuwa ameosha vyombo kimya. Lililokuja mdomoni lilikuwa moja tu.

"Lao Tan," alisema, na akafungua mikono yake mitupu, "meiyou le."

Hayupo tena. Aliogopa kwamba amesema ovyo, kama anayezungumzia bidhaa. Lakini Mwalimu Ou alivua ile kofia nyekundu taratibu, na nywele zake nyeupe zikashuka mabegani. Walikuwa wameelewa. Kumbe hata wao wenyewe husema hivyo.

Aliyeumia zaidi alikuwa mzee mfupi, mpana, aliyeitwa He. Alikaa chini juu ya mwamba wenye maji bila kujali, akauliza, "Lini?"

"Oktoba. Jumapili. Amelala, hakuamka."

"Jumapili ipi?"

Yustina alikumbuka vizuri kwa sababu siku iliyofuata, Jumatatu, laoban alimpigia aende kukagua sampuli naye akakataa. Akataja tarehe. Mzee He akafunika uso. Ikabidi Mwalimu Ou aeleze, polepole, akirudia maneno na kuchora kwa kidole kwenye vumbi. Jumamosi ile, siku moja kabla, He alikuwa amemwambia Tan mbele ya watu wote kwamba amezeeka, aache kuogelea mpaka ukuta wa ng'ambo, abaki huku karibu na wanawake. Tan hakujibu. Alivaa, akaondoka. Hakuonekana tena. Walidhani amekasirika. Hawakujua anapoishi, pale ziwani watu wanajuana kwa majina ya ukoo tu, na Tan alikuwa na simu ya vitufe ambayo hakuna aliyekuwa na namba yake. Miezi mitatu He amekuwa akija kila siku akiwa ametayarisha maneno ya kuomba radhi.

"Siku ile alirudi nyumbani vipi?" He aliuliza. "Wewe ulimwona?"

Yustina alitaka kusema ukweli, akajipa muda wa kukumbuka. Jumamosi. Mchana. Yeye alikuwa anaanua nguo. Mzee Tan aliingia getini na balungi kubwa kwapani, akalimenya mezani kwa kile kisu chake cha zamani cha kiwandani, akagawa: nusu kwa Ayi, robo kwa Yustina, robo kwake. Na alikuwa anaimba. Ndiyo siku pekee kwa miaka tisa aliyowahi kumsikia akiimba.

"Aliimba," Yustina alisema. Alipoona hawamwelewi, akauimba ule wimbo, alivyoukumbuka, sauti ya juu juu ya puani, bila maneno.

Mzee He akainua uso. "Ni opera," akasema. "Huo tulikuwa tunaimba tukiwa katikati ya maji." Akaanza kucheka na machozi yanamtoka, wote wakaanza kucheka, na kwa muda pale palikuwa kama matanga ya kwao, watu wanalia na kucheka kwa pumzi moja.

Doupi hakusubiri. Alijirusha majini, chubwi, akaogelea moja kwa moja kuelekea ukuta wa ng'ambo, kichwa kidogo cha manjano juu ya maji mengi ya kijani. Alifika, akageuka, akarudi.

Yustina alikuwa na maswali na sasa watu wa kuyajibu walikuwepo. Maji yana kina gani? Hawajui, kamba ya mita arobaini haikugusa chini. Yana baridi gani? Weka mguu. Akavua viatu na soksi mbili, akaweka mguu, akaurudisha kama aliyekanyaga kaa la moto. Mwalimu Ou akamshika mkono. Akaingia tena, kifundo, kisha magoti, suruali imekunjwa, meno yanagongana, na baada ya dakika chache miguu ikaanza kuwaka moto wa ajabu, mzuri. Tan alikuwa akiogeleaje? Chali, walimwambia, uso juu, taratibu, kama anayelala. Dakika ishirini kwenda na kurudi.

Kabla ya kuondoka, He alichomoa kopo la biskuti kutoka kwenye ufa wa mwamba. Ndani mlikuwa na kofia ya kuogelea ya buluu, miwani ya majini, na kaptura iliyokunjwa vizuri kabisa kama ya dukani. "Mpelekee mkewe," alisema. "Mwambie na sisi tunamsalimu. Hatukujua kama ana mke."

Ayi alikuwa getini alipowaona wanakuja. Alitazama kwanza manyoya ya mbwa, yaliyolowa. Kisha kopo.

Waliingia ndani. Yustina alieleza yote, kwa Kichina chake, na simu sasa ikiwa na mtandao ikasaidia. Ilitafsiri vibaya mara moja ikasema mbwa amemtembeza marehemu kwenye bwawa la hesabu, wakairekebisha. Yustina alipofika kwenye habari ya kuogelea, Ayi alifungua kopo, akaitoa kofia, akaivuta kwa vidole ikanyumbuka, akaiacha.

"Mwongo," alisema. Hakumwambia Yustina, aliiambia picha ya mumewe ukutani, yenye kibakuli cha ubani chini yake. "Mwongo mkubwa."

"Ayi, alikuwa anafurahi tu."

"Wewe hujui." Akaketi. "Miaka kumi na moja iliyopita moyo wake uliugua. Daktari akasema, maji baridi hapana. Wakati ule tulikuwa tunaogelea wote, mimi na yeye, kila asubuhi mtoni. Mimi ndiye niliyemfundisha! Yeye ni mtu wa mlimani, alikuwa akiogopa hata beseni. Mimi nimezaliwa kwenye mashua, baba na mama walikuwa watu wa mashua, nilijua maji kabla ya kujua ardhi. Daktari alipomkataza, mimi nikaacha. Unajua kwa nini niliacha?"

Yustina alitikisa kichwa.

"Ili asitamani. Nilisema kama mimi naenda na yeye anabaki, ataumia. Nikaacha. Miaka kumi na moja sijaingia majini." Akaipiga meza kwa kiganja. "Na yeye anakwenda! Kila siku! Analala chali!"

Doupi alikuwa amelala chini ya meza, anatoa harufu ya mbwa aliyelowa. Kisha Ayi aliuliza, sauti ikiwa imeshuka, "Alikuwa anafika mpaka ukuta wa pili?"

"Kila siku."

"Miguu yake ilikuwa inapiga maji sana? Nilimwambia miguu isipige sana."

"Sikuuliza, Ayi."

"Swali la maana ndilo hukuuliza," Ayi alisema, akainuka kwenda kupika.

Siku mbili hakumwashia mumewe ubani. Zipu zilifika, mikoba ikamaliziwa, na siku ya tatu Yustina alipokuwa anafunga virago alisikia Ayi akizungumza sebuleni, kwa muda mrefu, maneno mengi ya haraka ambayo hakuyaelewa, na harufu ya ubani ikapanda ngazi. Kwa sauti ile, alikuwa anamfokea mumewe.

Yustina aliporudi tena ilikuwa mwishoni mwa Aprili. Mwenyewe ndiye aliyeuliza kama Ayi angependa kwenda ziwani, na Ayi alijibu kwamba magoti yake hayawezi vile vidaraja. Kumbe kuna njia ya nyuma ya malori, na kumbe Mzee He ana guta la umeme la kubebea ngozi. Alikuja asubuhi, akatandika godoro nyuma, akamwita Ayi "dada mkubwa" kwa heshima na aibu, akampandisha. Doupi alikataa guta. Alitaka njia yake, ya mikate na ya jiwe la kurusha, na Yustina akamfuata kwa miguu.

Walipofika ziwa la nne, Ayi alikuwa ameshavaa nguo za kuogelea. Alishuka mwambani kwa tabu, Mwalimu Ou akimshika kiwiko, kila hatua uso ukikunjamana. Maji yalipofika kiunoni akamwachia. Akajilaza mbele, na akaenda. Yustina anasema hajawahi kuona kitu kama kile. Mwanamke ambaye kutoka chumbani hadi getini alitumia dakika tano, ndani ya maji hakuwa na magoti, hakuwa na miaka sabini. Hakupiga miguu, hakutoa sauti. Mzee He na wenzake walisimama kumtazama, maana hata wao hawakuwa wakiogelea hivyo.

Aligusa ukuta wa ng'ambo. Akakaa pale kidogo, mkono mmoja juu ya jiwe, mgongo amewapa. Hakuna aliyemwita. Kisha akarudi, akatoa kichwa karibu na mwamba, anahema.

"Maji mazuri," alisema. "Lakini ule ukuta si mbali. Alikuwa anatumia dakika ishirini kufanya nini?"

Wazee wakacheka. Yustina, aliyekuwa amesimama ndani ya maji mpaka kifuani, mikono yote miwili imeng'ang'ania kamba iliyofungwa mwambani, alimwuliza Ayi ni kiungo gani kinachoanza, mkono au mguu. Ayi akamsogelea, akamwekea kiganja chini ya tumbo, akamwambia aache kuuliza kwanza, alale.